Lama Atakula Nini Kambi ya Barafu?

Masika kwenye kazi ya mlima ni msimu wa viraka. Wageni wameisha, barabara ya kwenda getini ni tope tupu, na pale stoo kwetu Moshi wagumu, yaani wapagazi, hushinda barazani wakishona mahema, wakinyoosha vigingi vilivyopinda na kupiga soga. Mwaka huu soga ilikatizwa na barua pepe ya mama mmoja wa Colorado, Marekani. Magoti yanamsumbua, ana watoto wawili wa shule, na kiangazi cha kwao kilichopita walitembea siku nne milimani wakiwa na lama watatu waliobeba kila kitu. Sasa anataka kuja Kilimanjaro. Aliuliza kwa adabu, lakini swali lilikuwa na ncha: kwa nini sisi tunabebesha watu?

Tukamtafuta lama kwenye simu. Video ya kwanza ilionyesha mnyama mwenye shingo ya kitwiga na manyoya ya kondoo, masikio yamejikunja kama ndizi mbili, anatembea kwa maringo nyuma ya mtoto aliyeshika kamba. Vijana walicheka hadi mmoja akajichoma sindano. Mpishi wetu, mzee wa Kibosho tunayemwita Meku, hakucheka. Aliisogeza simu karibu na macho, akatazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mangi, huyu anakula nini?"

Nilidhani ananitania. Nilipokaa kumjibu yule mama ndipo nikaona kwamba sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya swali la Meku.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Lama ni wa ukoo wa ngamia. Mwondoe ngamia nundu, mpunguze hadi kilo 130 au 200 hivi, mvike manyoya mazito, umempata. Ukoo huo ulianzia Amerika Kaskazini mamilioni ya miaka iliyopita. Tawi moja likavuka kwenda Asia na kuzaa ngamia tunaowajua, jingine likashuka Amerika Kusini, na waliobaki nyumbani wakaisha wote. Kwa hiyo lama anayepanda milima ya Colorado leo ni kama kijana aliyezaliwa ughaibuni akarudishwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, la babu asilolijua. Kule milima ya Andes watu walimfuga kutokana na mnyama wa porini aitwaye guanako, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Wainka, waliojenga dola kubwa bila farasi na bila gari la magurudumu, walisafirisha mahindi, nguo na viazi vilivyokaushwa kwa baridi mgongoni mwake.

Hewa nyembamba haimtishi. Chembe nyekundu za damu yake zina umbo la yai badala ya duara, na zinaikamata oksijeni kwa nguvu kuliko zetu, ndiyo maana mita 4,000 juu ya bahari kwake ni kama uani. Kwa upande wa mapafu sina wasiwasi naye.

Miguu ndiyo iliyompa soko Marekani. Kwato za farasi na nyumbu huchimba njia, hasa ikilowa, na mvua inayofuata hugeuza kila shimo kuwa mfereji. Lama ana vidole viwili na nyayo laini zilizotuna kama soli ya kandambili mpya, naye ni mwepesi, hivyo alama anayoacha haizidi sana ya mtu mwenye buti. Katika hifadhi ya Great Smoky Mountains, jimbo la Tennessee, kuna nyumba ya wageni karibu na kilele cha mlima LeConte isiyofikiwa na barabara. Vyakula na mashuka safi hupandishwa na msafara wa lama mara kadhaa kwa wiki, na mashuka machafu hushuka nao. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya farasi.

Sasa safari yenyewe. Wengi tukisikia "safari ya lama" tunawaza mtu amepanda mgongoni. Hapana. Mtu mzima hampandi lama. Lama hubeba mzigo na mgeni hutembea mbele yake ameshika kamba. Kiongozi huwaleta wanyama kwa trela hadi mwisho wa barabara, huwapiga brashi, huwatandika, kisha huanza kazi ambayo mimi, mtu wa stoo, niliielewa bila kutafsiriwa: kupima. Mzigo hukaa kwenye mifuko miwili inayoning'inia mbavuni, ile ambayo wenye punda wa Pwani huiita shogi. Kila mfuko hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza, na upande mmoja ukizidi kidogo tu, chungu huhamishwa huku na chupa ya mafuta kule mpaka pande zilingane. Usipofanya hivyo tandiko huteleza, na saa mbili baadaye uko kwenye mteremko na mnyama aliyebeba jiko tumboni.

Mgeni hufundishwa mambo machache. Kamba usiizungushe mkononi, kwa sababu mnyama akishtuka utaburutwa. Usimvute kwa nguvu, mpe sekunde ya kufikiri. Ukisikia mvumo wa puani, mmm, mmm, hiyo ni sauti yake ya kawaida, anaitoa akiwa na wasiwasi, akichoka au akimtafuta mwenzake. Kutema mate, jambo linalowafurahisha watu mitandaoni, mara nyingi hufanyiana wao kwa wao wakigombea chakula. Jioni kila lama hufungwa kwenye kigingi kwa kamba ndefu, akala majani anayoyakuta pale, na kiongozi akapika.

Mzigo wa kawaida ni kilo 25 hadi 35 kwa lama aliyekomaa, na hakomai upesi. Mpaka afike miaka 3 au 4 habebeshwi mzigo kamili. Ukimzidishia, au akiona leo imetosha, anakunja miguu na kulala chini. Hapigi teke, hakimbii. Analala tu njiani akikutazama, na hutamwinua mpaka upunguze kitu.

Niliposoma sehemu hiyo kwa sauti barazani, kijana mmoja wa Rau alisema, "Sisi tukilala chini tunafutwa kwenye daftari." Hapo hakuna aliyecheka.

Yule mama hakuitaja sheria, nami nadhani ndiyo inayowapotosha wengi. Mwaka 1964 Marekani ilipitisha sheria ya maeneo ya pori tupu: ndani yake hakuna barabara, gari, pikipiki wala chombo kingine cha injini. Mnyama wa mizigo ameruhusiwa. Ukitaka kulala siku tano katika milima ya Wind River kule Wyoming, una migongo miwili ya kuchagua, wako au wa mnyama. Mgongo wa tatu, wa mtu wa kuajiriwa, upo kinadharia, ila kwa mishahara ya kule watu wanne wa kukubebea hema na viti wangekufilisi kabla hujaona theluji. Kwa hiyo lama hakuchukua nafasi ya mpagazi wa Kimarekani. Mpagazi hakuwepo. Lama alichukua nafasi ya farasi, nyumbu na mgongo wa mgeni mwenyewe, hasa mgeni mwenye magoti mabovu au mtoto asiyeweza kubeba begi. Mwenye biashara naye lazima awe na kibali cha wasimamizi wa msitu, na sehemu nyingi ukipeleka nyasi kavu lazima ziwe zimethibitishwa hazina mbegu za magugu mageni.

Hata huko hakaribishwi kila mahali. Baadhi ya hifadhi za magharibi mwa Marekani na Kanada zimewazuia lama kwa hofu ya kuwaambukiza magonjwa kondoo wa porini. Wenye lama wanabisha kwamba ushahidi ni haba, wenye hifadhi wanasema hawatangoji kondoo wafe ndipo waamini. Mimi nipo upande wa wenye hifadhi, na sababu yangu ni ya hapa nyumbani. Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki ikitokea upande wa Pembe, ilikofikishwa na ng'ombe walioletwa kutoka ng'ambo. Ilifyeka mifugo ya Wamasai na nyati wa porini pamoja. Ugonjwa huo ulitangazwa kumalizwa duniani mwaka 2011 tu. Mtu anayetaka kushusha mnyama mgeni pale uwanja wa ndege wa KIA ampeleke penye nyati na pofu, asishangae daktari wa mifugo akikunja uso.

Upande wetu sheria imekatwa kwa njia nyingine. Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa tangu 1973, na ndani ya hifadhi ya taifa ya Tanzania mifugo hairuhusiwi. Awe ng'ombe wa malisho au punda wa mizigo, kwa sheria huyo ni mfugo, na lama angehesabiwa humo humo. Binadamu mwenye kibali anapita. Nchi mbili zinalinda milima yao, moja imemfungia nje injini ikamwachia mnyama, nyingine imemfungia mnyama ikamwachia mtu.

Lakini tuseme mkubwa fulani amefungua geti la Machame na kusema leteni. Hapa ndipo Meku anaingia.

Meku amekulia kihambani, na kihambani ng'ombe hatoki. Anakaa ndani, chakula kinaletwa. Mama yake alishuka tambarare kukata majani na kupanda nayo kichwani, siku baada ya siku, kwa ajili ya ng'ombe mmoja wa maziwa. Mchaga wa rika lake akimwona mnyama haoni kwanza nyama wala mgongo, anaona mzigo wa majani na mtu aliye chini yake. Nikachukua kalamu tukapiga hesabu.

Lama wa kilo 150 anahitaji kama kilo 3 za nyasi kavu kwa siku. Njia ya Machame kwa siku sita, hizo ni kilo 18, kwa sababu kuchunga ndani ya hifadhi ni marufuku, na hata pasingekuwa na marufuku majani yangeisha. Andes ina nyanda pana za nyasi zinazofika mita 4,000 na zaidi, na lama ameumbwa kwa nyasi hizo ngumu. Kilimanjaro ni mlima mmoja uliosimama peke yake. Unatoka msituni, unaingia kwenye vichaka, na ukishaiacha nyanda ya Shira unapanda kuelekea jangwa la mawe. Kambi ya Barafu, karibu mita 4,700, haina jani la kumshibisha mbuzi. Haina hata maji. Maji ya mwisho kwenye njia hiyo yapo bonde la Karanga, na kila tone la chai inayonywewa Barafu limepanda kichwani au mgongoni mwa mgumu.

Toa kilo 18 kwenye mzigo wa kilo 30. Zinabaki 12, na hapo hujapima tandiko wala shogi. Mgumu, kwa kikomo cha hifadhi cha kilo 20, humbebea mgeni zaidi ya hizo hata ukitoa vitu vyake mwenyewe. Naye anakula, sikatai, na unga wake, maharage na dagaa vinapita kwenye mizani yangu. Lakini chakula kikavu cha mtu mmoja kwa siku hakizidi sana kilo moja, na ukimfikisha Barafu anapiga hema, anachemsha maji na kumwimbia mgeni.

"Kwa hiyo," Meku akasema, "tutamwajiri mgumu ambebee lama majani."

Kuna na ukuta wa Barranco, kwenye njia hiyo hiyo. Ni kama mita 250 za mwamba, na pana mahali unapita umekumbatia jiwe, tumbo limegusana nalo, mguu unatafuta pa kukanyaga bila jicho kuuona. Wagumu hupita hapo na ndoo, viti na mitungi ya gesi, mkono mmoja juu ya mzigo, mwingine kwenye mwamba, wakiwaomba wageni njia. Lama ni hodari wa vijia vya mlimani, ila mahali pa kushika kwa mikono anahitaji mikono. Chui wa msituni sitamzungumzia sana. Kule Marekani wafugaji huweka lama kulinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu wadogo, lakini mbwa wakubwa na simba wa milimani humuua. Mlima Meru ndani ya Hifadhi ya Arusha hatupandi bila askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Mnyama wa kilo 150 aliyefungwa kigingini usiku mzima pale kambi ya Miriakamba, sijui nani angelala.

Kilichonishangaza zaidi ni Peru kwenyewe. Njia maarufu ya Wainka inayokwenda magofu ya Machu Picchu, siku nne za mawe na ngazi, hairuhusu wanyama wa mizigo. Ngazi hizo ni za kale na zinalindwa zisibomoke. Watu wanaoingia ni 500 kwa siku, wageni na wafanyakazi wote wamo, na mahema, majiko na vyakula vinabebwa na wapagazi. Mwaka 2001 Peru ilitunga sheria ya kuwalinda, ikaweka kikomo cha kilo 20. Wana vituo vya kupimia mizigo kama sisi. Lama unawaona, wanakula majani kwenye magofu na kupigwa picha. Ukitaka kutembea na mnyama wa mizigo unakwenda njia nyingine za jirani, kama Lares au Salkantay, ambako nyumbu, farasi na lama wanapita.

Niliposoma hiyo niliacha kumwonea yule mama wivu wa ustaarabu wa kwao. Niliacha pia kujitetea, kwa sababu kilo 20 za kwenye karatasi nazijua. Nilipoanza kazi, kwenye kampuni ambayo sitaitaja, begi lilipimwa getini likasoma 20 sawasawa. Mbele kwenye kona, mizani ikiwa haionekani tena, lilisubiri furushi la pili. Niliwahi kuinua mzigo mmoja baada ya kona ile nikakadiria kilo 27, na daftari niliyoandika 20 ilikuwa mfukoni mwangu. Siku hizi hali ni nafuu. Lipo shirika la kuwasaidia wapagazi, KPAP, tangu 2003, linalofuatilia malipo, mizigo, chakula na hema la kulala la wagumu kwa kampuni zilizokubali kufuatiliwa. Mgeni akiuliza kabla ya kulipa kama kampuni yake imo, hilo swali linafika hadi stoo. Nimeona mabosi wakibadilisha mahema ya wafanyakazi kwa sababu ya barua pepe moja.

Ukimwambia mgumu wa Moshi kwamba umemletea mnyama wa kumpumzisha, atakuuliza mshahara utakwenda kwa nani. Mgeni mmoja wa kambi za mahema huenda na wapagazi watatu, wanne, wakati mwingine zaidi. Hizo ni ada za shule na mabati. Wanachodai barazani kwetu sijawahi kusikia kikiwa mnyama. Wanadai mzani usome kweli hata baada ya kona, malipo yasikawie, na bakshishi itolewe mbele ya macho ya wote.

Sikutaka kumwambia yule mama "haiwezekani" nikanyamaza. Anachokitafuta kipo, ila hakipo Kilimanjaro. Ngorongoro ilitengwa mwaka 1959 kwa sheria yake, watu na mifugo yao wabaki pamoja na wanyamapori, kwa hiyo kule punda ni mwenyeji. Kuna safari ya miguu inayopita nyanda za juu, Nainokanoka, kreta ya Empakaai, kisha unateremka ukiutazama mlima Ol Doinyo Lengai hadi Ngare Sero karibu na Ziwa Natron. Punda hubeba mahema na vyakula, Wamasai wenye punda huongoza, na askari huenda nanyi. Majani yapo njia nzima na mnyama ni wa hapo hapo, mazingira anayajua kuliko kiongozi. Akitaka ndugu wa lama hasa, ngamia wapo Mkuru, kaskazini mwa Mlima Meru, ambako jamii ya Wamasai hutembeza wageni tambarare. Nyayo ni zile zile laini, na dharau usoni ni ile ile.

Nilimwandikia hayo yote, hesabu ya nyasi ikiwemo. Amejibu wiki iliyopita. Wanakuja Septemba na wamechagua punda. Ana ombi moja: mwanawe wa mwisho apewe kamba amwongoze punda wake mwenyewe, kama alivyozoea kwa lama.

Nikampigia simu mwenye punda kule Nainokanoka. Nilimweleza mara mbili. Akanyamaza kidogo, nikasikia upepo, halafu akasema, "Kamba ya nini, ndugu yangu? Punda hatuwavuti sisi. Tunawaswaga."